Farasi wa Alasiri

Vitufe vya ndani ya Ferrari 360 hutoa lami. Kwa hakika si lami, ni ngozi laini ya plastiki ambayo kiwandani walivipaka ili vidole vipate raha kuvigusa, na baada ya miaka ishirini ya joto ngozi ile huyeyuka ikawa nyeusi na yenye kunata. Jioni moja ya mwezi wa Julai nilikuwa nimekaa barazani kwangu hapa Sib, pembeni mwa Maskati, nimevibandua vitufe vya madirisha na vya hewa baridi, nimevipanga juu ya gazeti, navisugua kimoja kimoja kwa kitambaa na spiriti. Ikaadhiniwa magharibi. Nikenda bombani kutawadha, na maji yakawa yanateleza kwenye ncha za vidole vyangu kama juu ya jani la yugwa. Ile ngozi ilikuwa imenishika, nyembamba mno, huioni mpaka uigeuze kwenye mwanga. Hukumu yake kila mtoto aliyepita chuoni anaijua: kinachozuia maji yasifike mwilini kinazuia udhu. Nikasugua kwa spiriti, nikasugua kwa mafuta ya nazi, mwisho kwa jiwe la kusugulia visigino. Nilipofika msikitini walikuwa wameshatoa salamu.

Gari yangu ilikuwa imekaa baina yangu na sala, kwa unene wa karatasi. Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza, na naandika haya kwa sababu bado najiuliza: mtu anayemcha Mungu anaweza kukipenda kitu cha anasa kwa moyo wote, bila ya kitu hicho kukaa hapo kilipokaa? Habari ya halali na haramu siisemei. Pesa nilijua zilikotoka, sikukopa kwa riba, mtu wangu hakulala na njaa kwa ajili yake. Sheria ilishaniruhusu. Ninachouliza kinaanza pale ruhusa inapokwisha.

Mimi ni mtu wa pampu. Nilizaliwa Unguja, mtaa wa Malindi, na wazee wangu wakaja Oman mimi nikiwa na miaka kumi, katika ile miaka wengi wetu tulipokuwa tukirudi baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970. Baba yangu Unguja alikuwa na baiskeli ya Raleigh, na kila Alhamisi jioni akiipangusa spoku moja moja, bila haraka, kama anahesabu tasbihi. Mimi nimefanya kazi miaka 31 kwenye kiwanda cha kutoa chumvi kwenye maji ya bahari. Nilipostaafu nilikuwa na akiba, mgongo unaouma, na tamaa moja niliyoificha tangu ujana.

Niliichagua 360 Modena kama ninavyochagua pampu. Zilitengenezwa kuanzia 1999 hadi 2005, na fremu yake pamoja na mwili ni alumini tupu, Ferrari ya kwanza ya barabarani kujengwa hivyo. Mtu anayekaa pwani ya Sib, ambaye chumvi imemla maisha yake yote, hilo halipuuzi. Iliyotangulia, F355, kubadilisha mkanda wa taimingi kunataka injini nzima ishushwe. Kwenye 360 fundi hufungua kifuniko nyuma ya viti na mkanda uko mbele yake. Hiyo tofauti ndiyo inayomfanya mstaafu aweze kuwa na gari ya aina hii au asiweze.

Nikenda Dubai na fundi wangu, kijana wa Mombasa mwenye gereji yake huku Wadi Kabir. Kulikuwa na mbili. Moja nyekundu, kilomita 14,000 tu, inang'aa mpaka unajiona sura. Nyingine ya kijivu, kilomita 61,000, ngozi ya kiti cha dereva imepasuka ubavuni. Bei zao hazikupishana sana, na kila moja ilikuwa karibu na bei ya Land Cruiser mpya. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye nyekundu. Fundi akaingia chini yake na tochi, akatoka, akajifuta mikono.

"Ami, hii imekaa."

"Imekaa vipi?"

"Imekaa bure. Mkanda hauhesabu kilomita, unahesabu miaka. Ikifika mitatu utolewe, gari iwe imetembea au haikutembea. Huu sijui wa lini, na mwenyewe hana karatasi. Ukikatika, pistoni zinakutana na valvu, na valvu ziko arubaini humo."

Akachomeka kompyuta yake. Ile nyekundu ilikuwa na gia za kubonyeza nyuma ya usukani, na kompyuta ikasema klachi yake imeshaliwa zaidi ya nusu, kwa kilomita zile chache, kwa kupelekwa mbele na nyuma ukumbini na kutolewa ikaonekane. Ya kijivu ilikuwa na gia za mkono, na bahasha nene ya risiti: mikanda imebadilishwa mara tano, na boljointi za mbele, na bushi, na rejeta. Kuna mtu aliyeitumia na kuitunza. Nikanunua ya kijivu. Mke wangu, nilipomwonyesha picha kwenye simu, aliniuliza, "Umeipenda?" Nikamwambia nimeichunguza vizuri sana. Akasema, "Sikukuuliza hilo."

Kwenye pua ya gari kuna farasi mweusi aliyesimama kwa miguu ya nyuma, juu ya uwanja wa manjano. Manjano ni rangi ya mji wa Modena. Farasi alikuwa alama ya Francesco Baracca, rubani wa Kiitalia wa Vita Kuu ya Kwanza, aliyeangusha ndege 34 na mwenyewe akafa Juni 1918. Mwaka 1923, Enzo Ferrari aliposhinda mashindano karibu na Ravenna, akajuana na wazee wa rubani yule, na kwa maneno ya Enzo mwenyewe, mama yake Baracca ndiye aliyemwambia amtie farasi wa mwanawe kwenye gari zake, atamletea bahati. Bahati ya nembo mimi siiamini. Lakini kila nikiosha pua ile nafikiri juu ya mama aliyefiwa akitafuta mahali pa kuweka farasi wa mtoto wake.

Na farasi ndiye aliyenirudisha kwenye Surat Sad.

Habari yenyewe ni fupi. Nabii Suleiman alionyeshwa jioni farasi wazuri, wa mbio. Akasema kwamba amependa mapenzi ya mali, na kwamba mapenzi hayo na kumkumbuka Mola wake vimekutana, mpaka kikajificha kilichojificha. Kisha akataka arudishiwe farasi, akaanza kuwagusa miguu na shingo. Kilichojificha wengi wa wafasiri wanasema ni jua: alishughulika na farasi mpaka alasiri ikampita. Wengine wanasema waliojificha ni farasi wenyewe, walipokimbia wakapotea machoni, na kwamba mapenzi yale yalitokana na kumkumbuka Mungu, hayakumsahaulisha. Kiarabu cha aya kinabeba yote mawili. Na neno la mwisho, lile la kugusa, nalo linabeba mawili. Ni mas'h, neno lile lile la kupaka maji kichwani katika udhu. Kuna waliosema aliwapapasa kwa mapenzi, akiwapangusa vumbi. Kuna waliosema aliwapitisha upanga, miguu na shingo, kwa sababu wamemshughulisha na sala. Tabari akaegemea kauli ya kupapasa, aliyoipokea kutoka kwa Ibn Abbas, akasema haingekuwa kwa nabii kuwatesa wanyama na kuharibu mali bila ya kosa lao. Ibn Kathir, karne nne na zaidi baadaye, hakuridhika na hoja ile. Akasema huenda katika sheria yao iliruhusiwa, na kwamba Suleiman alipoacha farasi kwa ajili ya Mungu alilipwa kilicho bora, upepo unaokwenda kwa amri yake.

Nilikuwa nimeisoma sura ile maisha yangu yote. Kwenye rafu ya mama yangu iko tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, chapa ya 1969, majani yake yamekuwa ya kahawia. Nimeisoma humo tangu mvulana. Sikuijua mpaka iliponipata mimi.

Ilikuwa Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, nikashika njia ya Quriyat kwenda Sur. Anayeijua ile njia anajua: bahari iko kushoto, milima ya Hajar iko kulia, na barabara inapanda na kushuka juu ya mabonde ya Tiwi kama kitambaa kilichotandikwa. Sikuwa nakwenda mbio kupita sheria. Watu wanadhani gari hizi ni mbio. Mimi nilikuwa nasikiliza. Injini iko nyuma ya kichwa chako, hatua moja, na kuanzia mizunguko elfu tano sauti yake hubadilika, huacha kuwa ya chuma ikawa ya koo. Ukiiacha gia ya tatu kwenye mteremko inashuka pole pole na kila silinda unaisikia. Mtu aliyeishi miaka 31 akizijua pampu zake kwa sauti hawezi kueleza furaha ile kwa asiyekuwa na kazi hiyo. Msafiri ana ruhusa ya kukusanya adhuhuri na alasiri, na sikukusanya. Nilisema nitasali mbele. Nikasema mteremko mmoja zaidi, kisha mmoja zaidi. Upande ule wa pwani jua halizami baharini. Linaingia nyuma ya milima, na linaingia mapema, kwa hiyo kivuli kilipotanda barabarani nikajiambia ni mlima tu, wakati bado upo. Nilipofika Tiwi nikasimama, na kabla sijazima injini nikasikia adhana, nayo ilikuwa ya magharibi.

Nilikaa kitini. Mikono yangu ilikuwa juu ya usukani na nembo ya farasi iko katikati yake, inanitazama.

Basi nilitaka kuwa na Ibn Kathir. Nikatangaza gari inauzwa. Zilipita wiki mbili, akaja kijana mstaarabu, na alikuwa na adabu na haraka. Alitaka kuichukua kwa mkopo wa riba, na aliniambia waziwazi kwamba anaitaka kwa ajili ya kupita mbele ya mikahawa usiku. Nikamtazama nikaona kwamba upanga wangu haukuwa upanga. Farasi akichinjwa, nyama yake hulisha masikini, na mambo yakaisha. Mimi nilikuwa nataka kumpa mwenzangu kilichonishinda, kisha niweke bei yake mfukoni na kuuita uchamungu. Nikamwomba radhi, sikumuuzia. Pengine yuko atakayesema huo ulikuwa ujanja wa nafsi yangu ili nibaki nayo. Nimelifikiri hilo usiku mwingi, na siwezi kuapa kwamba si kweli.

Mama yangu ndiye aliyeniondoa pale nilipokwama. Ana miaka 86, na anazungumza Kiunguja chake kama ametoka Unguja jana. Nilimwambia yote, na alasiri iliyonipita, na yule kijana. Akanisikiliza, akaniuliza mkanda wa ile gari umenigharimu kiasi gani mwaka huu. Nikamwambia, riali mia saba na kitu, pamoja na mafuta na pampu ya maji.

"Na mwaka huu umempa nani mia saba na kitu?"

Nikanyamaza.

"Mwanangu, gari inadai na unailipa. Haikuombi, inasema tarehe imefika, nawe unakwenda mbio. Basi watu nao wana tarehe. Kila riali unayoipa gari, mpe na mtu."

Mama hakuwa na habari kwamba alikuwa ameingia katikati ya mjadala wa zamani wa mafakihi. Iko hadithi mashuhuri inayosema farasi ni wa watu watatu: kwa mmoja ni thawabu, kwa mmoja ni stara, kwa mmoja ni mzigo. Wa tatu ni yule aliyemfuga kwa fahari na kujionyesha. Wa kati, ambaye mimi natamani kuwa yeye, ni yule aliyemfuga kwa haja yake na hakusahau haki ya Mungu katika migongo ya farasi wake na shingo zao. Wanazuoni wakauliza, haki hiyo ni ipi? Imamu Abu Hanifa akaona ni zaka, akaiwajibisha kwa farasi wanaofugwa malishoni. Wengi, hata wanafunzi wake wawili wakubwa, hawakukubali: farasi wa mtu hana zaka. Na kwa kauli ya wengi hao gari ninayoipanda mwenyewe haina zaka pia, hata iwe na thamani gani. Nyumba ya kupangisha inaulizwa kodi yake, dhahabu inahesabiwa, ghala la tende linapimwa, na Ferrari inapita bila kuulizwa. Zamani niliona huo ni wepesi wa dini. Sasa naona ni jambo zito zaidi. Zaka ina kipimo, kwenye dhahabu ukishatoa mbili na nusu kwa mia umemaliza. Haki ya migongo na shingo imeachwa bila tarakimu, na mwenye farasi ameachiwa aitafute.

Shingo nimeifanya kuwa ni gharama, kwa agizo la mama. Mia saba zile za mwaka wa kwanza zilikwenda Pemba, kwenye chuo kimoja karibu na Wete ambacho watoto walikuwa wakiteka maji kwa ndoo. Pampu niliichagua mwenyewe. Mkanda wa Ferrari una daftari, na daftari lile sasa lina safu mbili.

Mgongo ni kumpandisha mtu. Kiti ni kimoja tu pembeni ya dereva, na hilo hapo kwanza nililiona kasoro. Watoto wa mtaani wanapanga foleni Ijumaa asubuhi, mmoja mmoja, mpaka kwenye mzunguko na kurudi. Wakubwa walikuwa wanaona haya kuomba. Siku moja nikamwita yule ndugu anayefagia msikiti wetu, mtu wa Bangladesh, tunazungumza naye kwa Kiarabu cha sokoni. Alizunguka gari mara moja, taratibu. Akaangalia injini kupitia kioo cha nyuma. Nikamfungulia mlango. Akavua kandambili zake, akazipanga pamoja kwenye lami, vidole vikiangalia nje, kama anavyozipanga mlangoni mwa msikiti, akataka kuingia pekupeku.

Sikuwahi kuogopa kama nilivyoogopa hapo. Mtu alikuwa amevua viatu kwa ajili ya gari yangu. Katika ile hadithi ya mtu aliyeuliza kama kupenda nguo nzuri na viatu vizuri ni kibri, akajibiwa kwamba Mungu anapenda uzuri, na kibri ni kuikataa haki na kuwadharau watu, mimi nilikuwa nimejikinga humo siku zote: simdharau mtu, basi sina kibri. Sikufikiria kwamba kitu changu chaweza kumdharau mtu kwa niaba yangu, nikiwa nimesimama pembeni natabasamu. Qaruni alipotoka mbele ya watu wake na pambo lake, Qurani haitaji neno lolote alilolisema njiani. Alipita tu. Walioumia ni waliosimama kutazama, wakatamani wangekuwa na mfano wa aliyonayo.

Nikaziokota kandambili, nikamwekea miguuni, nikamwambia, "Vaa, ndugu yangu, hapa si mahali pa kuvua." Akacheka, akavaa. Tulikwenda mpaka pwani ya Sib tukarudi. Njiani hakusema kitu kuhusu gari. Alinieleza habari ya binti yake anayesoma uuguzi, na kwamba amebakisha miaka miwili. Hilo nalo liko kwenye daftari sasa.

Mama mwenyewe alikataa kuipanda tangu nilipoileta. Magoti yake hayakunjiki vizuri, na kiti kiko chini sana. Akisema hiyo ni gari ya kulala, si ya kukaa. Mwezi wa pili mwaka huu, hewa ilipokuwa nzuri, alitoka barazani na buibui lake na bakora, akasema, "Nipeleke mlimani." Nikamwingiza kama unavyomwingiza mtoto kitandani: kwanza akakaa, kisha nikainua miguu yake yote miwili kwa mikono yangu nikaitia ndani. Tukapanda njia ya Amerat. Kwenye mwinuko nikaiacha injini iseme kidogo. Akaweka kiganja chake nyuma, kwenye kile kifuniko cha baina ya viti na injini, akakiacha hapo.

"Moto," akasema. Kisha, "Inahema."

Tukafika pale juu kwenye upana wa kusimama, Maskati yote iko chini, nyeupe, na bahari nyuma yake. Akaangalia saa yake. "Alasiri imeingia?" Nikamwambia imeingia sasa hivi. Akasema hawezi kutoka humo na kuingia tena, magoti hayatamkubalia, atasali alipokaa. Gari ilikuwa imetazama baharini. Basi nikaiwasha upya, nikairudisha nyuma, nikaizungusha pole pole kwenye changarawe, mbele kidogo, nyuma kidogo, huku yeye akiniongoza kwa kidole, mpaka pua ya farasi ikaelekea magharibi, Makka. Nikazima. Nikateremka nikatandika msala wangu pembeni ya mlango wake. Alitia nia kwa sauti ndogo, na nyuma yetu injini ikawa inapoa, tiki, tiki, tiki, mpaka tukatoa salamu.